Usimpe Mgongo



Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza kuhesabu pesa ya likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, ni kweli wanavyosema, kwamba unavaa pantalo nyeupe, unalala chini na kubingirishana na watu?" Wengine walisikia, wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipokuwa napanda mlima kurudi nyumbani, niliona kwamba swali lake linastahili jibu. Jibu ndilo hili.

Ndiyo, ni kweli. Nina miaka 43 na watoto wanne, na kila siku ya posho, saa tisa mchana, ninafanya jiu-jitsu ya Brazil.

Mambo yalianzia kwenye mashini yangu ya kushona. Mwalimu mmoja wa mchezo huo, hapa kwetu Bukavu, aliniletea kimono saba zilizopasuka. Kimono ni koti zito la pamba ambalo wachezaji wanashikana nalo. Kola yake ni nene kama kidole, ikanivunjia sindano mbili. Nikamwuliza, "Watoto hawa wanafanya nini mpaka nguo nzito namna hii inapasuka?" Akasema, "Njoo uone, mama." Sikwenda. Aliyekwenda ni binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka 14. Nilimtuma apeleke kimono zilizokwisha kushonwa, akarudi na ombi la kujiunga. Nikakubali. Nilidhani ni kama judo, ambayo tunaijua hapa tangu zamani: watu wamesimama, wanashikana, mmoja anaangushwa, basi.

Mwezi mmoja baadaye nilipita pale bila kumwambia. Nilimkuta binti yangu amelala chali, miguu juu, na kijana wa rika lake amepiga magoti katikati ya miguu hiyo. Sikumsalimia mtu. Nilimshika binti yangu mkono, tukatoka. Njia nzima hatukusema neno. Tulipofika nyumbani aliniambia jambo moja tu: "Mama, yule kijana alikuwa ameshindwa kunipita." Sikuelewa, wala sikutaka kuelewa.

Kesho yake mwalimu alikuja nyumbani pamoja na mke wake. Niliwapa viti na chai. Waliomba radhi kwanza kwa sababu hawakuita wazazi na kuwaeleza mchezo kabla ya kupokea watoto. Kisha yule mke, ambaye naye anafundisha, akaniuliza: "Mama, msichana akisukumwa na mtu mwenye nguvu kumzidi, anaangukaje?"

Nikasema, "Anaanguka chali."

"Na sisi wamama tunamfundisha afanye nini akisha kuanguka?"

Nilikosa jibu. Tunawafundisha wasitembee usiku, wasiende kuteka maji peke yao, wavae vizuri, wasicheke na kila mtu. Lakini akiwa tayari yuko chini, hatujamfundisha chochote. Tunaishia kwenye "usianguke".

Yule mama akanieleza taratibu. Mtu aliyelala chali hajashindwa bado, ikiwa miguu yake iko kati yake na anayemshambulia. Hali hiyo inaitwa gadi. Miguu ina nguvu kuliko mikono, na inaweza kusukuma, kuzuia, hata kumpindua aliye juu. Kwa hiyo kazi ya aliye juu ni kuivuka hiyo miguu ili alale juu ya kifua chako. Hiyo inaitwa kupita gadi. Kazi yako wewe ni kukataa kupitwa. "Jana," akasema, "binti yako ndicho alichokuwa anajifunza."

Jirani yangu aliyekuwa anasikiliza akasema huo ni mchezo wa wazungu. Sivyo kabisa. Asili yake ni Japani. Mjapani mmoja mcheza judo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914 na baadaye akakaa mjini Belém. Huko kijana Carlos Gracie alijifunza kwake, naye akawafundisha ndugu zake. Mmoja wao, Hélio, alikuwa na mwili mwepesi, na anajulikana kwa kuutengeneza mchezo huo ili mtu mdogo aweze kujilinda akiwa chini. Mwaka 1990 mwanamke Mbrazili, Yvone Duarte, alipata mkanda mweusi, wa kwanza kwa mwanamke. Hata Bukavu yetu ina uhusiano na mambo hayo. Yolande Mabika na Popole Misenga, watoto wa mji huu, walikwenda Rio de Janeiro mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia ya judo, wakabaki huko kama wakimbizi. Mwaka 2016, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio, walikuwa kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Kwa hiyo dada mmoja wa kwetu amekwisha kusimama mbele ya dunia nzima kwa kazi ya kushikana na kuangushana.

Binti yangu akarudi kwenye mazoezi, kwa masharti: nitakuja kuangalia, na atashikana na wasichana wenzake. Nilikaa kwenye benchi wiki tano. Kisha wakafungua kundi la wamama. Tulianza watano, leo tuko tisa.

Sasa niwaambie ukweli wangu. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa napitwa kama mlango usio na kitasa. Mwenzangu anashika pantalo langu kwenye magoti, anatupa miguu yangu kushoto, yeye anakimbilia kulia. Kufumba na kufumbua kifua chake kiko juu ya kifua changu, bega lake linasukuma shavu langu, uso wangu umegeuzwa upande. Hapo nilikuwa nafanya kosa lile lile kila siku. Nikichoka nageuka, nalala kwa tumbo, naficha uso. Ilikuwa kama kusema, "Fanya unachotaka, mimi sitaki kuona."

Ukigeuka hivyo, umempa mgongo. Na mgongo ndio sehemu mbaya kuliko zote za kumpa mtu. Mikono yako inafanya kazi mbele. Magoti yako na macho yako pia. Nyuma huna kitu. Mwenzako anaingiza kisigino kimoja upande wa ndani wa paja lako, kisha cha pili. Visigino hivyo tunaviita ndoano. Mkono wake mmoja unapita juu ya bega lako, wa pili chini ya kwapa, viganja vinakutana kifuani pako. Halafu ule wa juu unateleza chini ya kidevu. Unagonga mara mbili kwa kiganja, maana yake "nimeshindwa, niache", naye anakuacha mara moja.

Wamama, sisi tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Kila mmoja wetu amebeba mtoto mgongoni. Mtoto amekukumbatia kwa miguu, kikwembe kimefungwa, halafu anaanza kukuvuta nywele au herini. Wewe ni mkubwa mara kumi kumzidi, lakini huwezi kumfikia. Unabaki kumwomba mama mwingine akusaidie. Kama mtoto wa mwaka mmoja anakushinda akiwa mgongoni, mtu mzima je? Na ukigeuza maneno hayo, utaona faida yake: mwanamke mdogo akiwa mgongoni kwa mtu mkubwa, yule mkubwa hawezi kumpiga vizuri wala kumlalia. Ndiyo maana katika mashindano kupita gadi kunapewa pointi 3, lakini kuchukua mgongo na kuweka ndoano zote mbili kunapewa 4.

Mwalimu wetu alinirekebisha kidogo kidogo. Mimi nimeyashika mambo manne.

La kwanza, anza mapema. Ulinzi una tabaka tatu: nyayo, magoti, kisha mikono na viwiko. Mtu akishika mguu, shindana naye hapo hapo kwenye mguu. Usimsubiri afike kifuani. Mwizi anazuiwa kwenye uzio wa parsele. Akisha kuingia chumbani, kelele zako zimechelewa.

La pili, usilale chali moja kwa moja. Lala kwa ubavu, ukimtazama. Mtu aliyelala chali kabisa ni mkeka, kila mtu anaweza kumkalia. Ukiwa kwa ubavu, kiuno kinaweza kukimbia. Unakanyaga sakafu kwa mguu, unarudisha kiuno nyuma, nafasi inapatikana. Ni kama usiku, mtoto anapoingia kitandani nawe unasogeza kiuno kumpisha huku umelala. Katika nafasi hiyo unaingiza goti, na goti likiingia, gadi imerudi.

La tatu, tumia mfupa, usitumie nguvu. Nilikuwa nasukuma kwa mikono iliyonyooka, ikichoka upesi kama ya mtu anayetwanga sombe tangu asubuhi. Sasa nakunja kiwiko, naweka mfupa wa mkono mmoja kwenye shingo yake na wa pili kwenye nyonga. Huo ni mti wa kuegemeza paa. Mti hausukumi paa, unalishikilia tu mpaka kiuno kikimbie.

La nne, ukiisha chelewa na mgongo umechukuliwa, linda shingo kwanza. Mikono yako miwili ishike ule mkono mmoja unaotafuta koo. Kisha telezesha mabega yako mpaka yafike sakafuni, kuelekea upande ambao mkono wake umepita chini ya kwapa lako, halafu ugeuke umtazame. Ni kazi ngumu na ya polepole. Lakini kazi ngumu si sawa na kufa moyo.

Sasa niwaeleze habari ya mwenzetu mmoja. Ameniruhusu niiandike bila jina lake.

Siku yake ya kwanza alilala chali, nami nikapiga magoti mbele yake kama tulivyoelekezwa. Nilipomshika magoti tu, uso wake ulibadilika. Alikuwa anaangalia dari, hapumui. Mwalimu aliniambia, "Toka." Akamsaidia kukaa, akampa maji. Hakuna aliyemwuliza kitu. Katika mji wetu, wanawake wengi wanabeba mambo wasiyoyasema, nasi tunaelewa bila kuambiwa. Alivaa viatu, akaenda. Tulidhani hatarudi tena.

Baada ya wiki mbili alirudi, akakaa karibu na mlango. Mwalimu akakaa kando yake, akamwambia: "Dada, hapa hakuna lazima ya kulala chini. Wewe tutaanzia nyuma." Na kweli, kwa karibu miezi miwili alijifunza jambo moja tu, kukaa mgongoni kwa mtu: ndoano mbili, mkono juu ya bega, mkono chini ya kwapa, kichwa karibu na kichwa cha mwenzake. Hapo hakuna anayemlalia. Yeye ndiye anayeona, na wa mbele ndiye asiyeona. Polepole tukamsikia akicheka na wengine.

Siku moja alisema mwenyewe, "Leo nataka kulala chini." Akanionyesha mimi. "Mama huyu ndiye ajaribu kunipita."

Niliogopa. Nilimwendea mwalimu nikamnong'oneza kwamba nitakwenda kwa upole tu, nijifanye nimeshindwa. Akanikatalia. "Ukimdanganya, unamwibia. Nenda taratibu, lakini nenda kweli. Akigonga, acha."

Nikashika pantalo lake kwenye magoti, nikatupa miguu kushoto, nikakimbilia kulia. Nilitegemea atageuka na kuficha uso, kama mimi nilivyokuwa nafanya. Hakugeuka. Mfupa wa mkono wake ulinikuta shingoni, kiuno chake kikarudi nyuma, na goti likaingia kati yetu. Nikajaribu upande wa pili, nikakuta unyayo wake kwenye nyonga yangu. Jasho lilikuwa linanitoka. Mara ya tatu uchovu ulinitia haraka, nikanyoosha mkono wa kuume kutafuta kola yake. Aliinuka akakaa, akashika kifundo cha mkono wangu kwa mkono mmoja na juu ya kiwiko kwa mkono wa pili, akauvuta mkono wote upite mbele ya kifua chake, kama unavyovuta mkono wa sweta ya mtoto. Nilianguka mbele. Nilipoinua kichwa, hakuwa mbele yangu tena. Nikasikia uzito mgongoni, kisigino kimoja, kisigino cha pili, na mkono shingoni.

Nikagonga. Akaniachia mara moja. Wenzetu wote walikuwa kimya. Yeye alikaa chini, akafunga mkanda wake uliolegea, akanitazama akasema, "Tena."

Siku ile nilijua kwa nini ninakwenda pale.

Lakini nisiwadanganye. Mchezo huu hauzuii risasi wala kisu. Ukiweza kukimbia, kimbia, na ukiweza kupiga kelele, piga. Na yale aliyoyapitia mwenzetu hayaondoki kwa mazoezi ya siku ya posho peke yake. Ana watu wengine pia wanaomsikiliza. Nasema tu kile nilichokiona kwa macho yangu.

Tena, kabla hujampeleka mtoto mahali pa mchezo kama huu, nenda wewe mwenyewe. Kaa uangalie. Mlango uwe wazi, na wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote. Mtoto anapogonga, aachwe papo hapo. Mahali ambapo anayegonga anachekwa, mwondoe mtoto wako. Uliza anashikana na nani, na kama uzito na umri vinalingana. Uliza kama kuna mwanamke mtu mzima pale. Angalia kucha zimekatwa na tatami zimesafishwa, kwa sababu upele wa ngozi unaambukizana upesi. Mwalimu anayekasirika akiulizwa maswali hayo, si wa kumwachia mtoto.

Nimalizie na binti yangu. Sasa ana miaka 16. Mwaka huu, jioni moja tulipokuwa tunasafisha sambaza, alisema bila kuinua macho: "Mama, kuna mtu anataka kupita gadi yangu."

Niliweka kisu chini. Akanieleza. Mwanaume mmoja wa kartie, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amemtumia unite za simu mara mbili bila kuombwa, na siku hiyo alimwambia asimwambie mtu. Basi, ilikuwa bado kwenye nyayo. Haijafika magotini. Baba yake nami tulikwenda jioni hiyo hiyo tukamrudishia yule bwana pesa ya unite zake mkononi, mbele ya mke wake, kwa adabu, tukamwomba asimtumie mtoto wetu kitu tena. Hakutuma tena.

Mimi nilipokuwa na umri wake, sikumwambia mama yangu mambo ya namna hiyo. Nilikuwa naona aibu, nageuza uso, natumaini yataisha yenyewe. Mama yangu alinipenda sana, lakini hatukuwa na maneno ya kuyasemea. Binti yangu anayo, aliyapata akiwa chini, amelala chali, mahali nilipomvuta mkono kwa hasira nikidhani ninamwokoa.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza pale kwenye likelemba, hilo ndilo jibu langu. Ndiyo, ninalala chini na kubingirishana. Bado ninapitwa mara nyingi, magoti yananiuma nikipanda mlima, na siku ya Mungu ninakaa ibadani nimekakamaa kama ubao. Lakini sigeuki tena.

Ukitaka kuona, njoo siku ya posho saa tisa. Benchi nililokaa wiki tano bado lipo, nami nitakuwekea nafasi. Na kama kimono yako itapasuka, fundi unamjua.